Kengele Ilie Kwetu Kabla Haijalia Kwako

Kampuni za pesa kwa simu, sisi tukiwemo, hupenda kubadilisha mitambo usiku. Ukipokea ule ujumbe wa kwamba huduma hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, basi ndiyo hiyo. Sababu inaeleweka: miamala ni michache saa hizo, na kitu kikiharibika wanaoumia ni wachache.

Lakini hebu tuulize, hao wachache ni akina nani? Saa kumi alfajiri Marikiti hapa Nairobi imeshajaa. Malori ya viazi na kabichi yamefika, mama mboga kutoka Kayole ashachagua mzigo wake, na anataka kulipa kwa simu kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake anayetembea na elfu nane mfukoni giza likiwa bado nene. Kongowea kule Mombasa ni vivyo hivyo. Kuna mtu amesimama kwenye dirisha la malipo la hospitali, mgonjwa wake yuko ndani. Kuna basi la usiku limeegesha Mtito Andei na abiria wanataka chai. Sisi tunaziita saa za utulivu, ilhali kwa watu hawa ndizo saa za kazi.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kampuni ikitaka haki ya kugusa mitambo wakati wengine wamelala, basi mabadiliko yakienda mrama lazima simu ya injinia mmoja, anayejulikana kwa jina, ilie palepale. Barua pepe haitoshi. Ujumbe kwenye kundi la kazini hautoshi. Simu ilie. Na anayempigia asiwe mteja aliyekwama sokoni, iwe ni mashine yenyewe.

Hili si jambo la mainjinia peke yao. Wewe ndiye unayeweka pesa zako humu, kwa hivyo una haki ya kujua kengele imefungwa wapi na inalia kwa nani.

Nani anamwambia nani

Programu unayotumia kutuma pesa haiandikwi mara moja ikaisha. Kila wiki kuna mstari unaobadilishwa: kiwango cha ada, maneno kwenye menyu, njia ya kuzungumza na benki fulani. Injinia akimaliza sehemu yake, kuna kompyuta inayochukua msimbo wote, inauunganisha, inaujaribu, na ikiridhika inaupeleka kwenye mitambo inayohudumia wateja. Kompyuta hiyo huitwa seva ya ujenzi, ingawa haina saruji wala kokoto. Inayojulikana sana ni Jenkins, ambayo ilianza ikiitwa Hudson ndani ya kampuni ya Sun Microsystems, kisha ikachukua jina la sasa mwaka 2011. Nembo yake ni mhudumu wa nyumba za kitajiri, tai ya kipepeo shingoni na kitambaa mkononi. Imefaa, maana kazi yake ni kutumikia bila kulalamika. Tabu ni kwamba mhudumu huyu akiangusha sahani jikoni, hapigi kelele. Anaandika tu kwenye daftari lake kwamba sahani imevunjika.

Upande wa pili kuna jukwaa la kusimamia dharura. PagerDuty ni mojawapo. Lenyewe halijui chochote kuhusu msimbo. Linachojua ni watu: nani yuko zamu usiku huu, namba yake ni ipi, na asiposhika simu kwa dakika kadhaa apigiwe nani. Ni kama soja wa ploti anayejua mlango wa kwanza wa kugonga, na wa pili, na kama wote wamelala fofofo, mwenye nyumba anaishi wapi.

Mhudumu na soja hawajuani. Kinachowaunganisha ni webuhuki.

Neno ni geni lakini jambo lenyewe unalitumia kila siku. Ukitumiwa pesa, hubonyezi nyota na reli kila dakika kuuliza kama imefika. Ujumbe unakuja wenyewe, mara tu jambo linapotokea, na una habari zote: kiasi, aliyetuma, saa, namba ya muamala. Webuhuki ni hivyohivyo, ila ni mashine kwa mashine. Jenkins ikimaliza kazi na kazi hiyo imefeli, inatuma ujumbe mfupi kwa anwani ya intaneti ya lile jukwaa la dharura. Hakuna anayeketi kuangalia skrini. Jeff Lindsay, msanidi programu wa Marekani, ndiye aliyelipa jambo hili jina lake mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa hapa Kenya. Ni sadfa tu, lakini inatufurahisha.

Ndani ya ujumbe huo hamna mengi. PagerDuty inataka ufunguo wa siri unaoonyesha tahadhari iende kwa timu ipi, muhtasari wa tatizo, mahali lilipotokea, na uzito wake, ambao una ngazi nne kuanzia taarifa ya kawaida hadi hatari kabisa. Inataka pia kuambiwa kama hili ni tukio jipya, au limeshapokewa, au limekwisha. Halafu kuna kitu kidogo ambacho kampuni nyingi hukisahau: utambulisho wa tatizo lenyewe. Jaribio likirudiwa mara kumi na likafeli mara kumi, utambulisho ukiwa mmoja injinia anapigiwa mara moja. Bila huo, simu inalia mara kumi, na ile ya kumi inapigiwa mtu aliyeshaudhika.

Barua pepe 97

Kuna wanaosema sisi tunazidisha. Ati barua pepe ya tahadhari inatosha, mainjinia wana simu janja, wataiona.

Wenye mawazo hayo tungependa waangalie yaliyoipata Knight Capital ya Marekani. Ilikuwa kampuni kubwa ya kununua na kuuza hisa kwa niaba ya wengine. Mwishoni mwa Julai 2012 ilikuwa ikiweka msimbo mpya kwenye seva zake 8, ijiandae kwa mpango mpya wa soko la hisa la New York. Fundi akaweka kwenye seva 7. Ya nane ikabaki na msimbo wa zamani, ambao ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoachwa kutumika miaka mingi. Hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki kazi.

Tarehe 1 Agosti, kuanzia kama saa mbili asubuhi, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mtambo wa kampuni yenyewe ulianza kutuma barua pepe za kujitengeneza kwa kundi la wafanyakazi. Zilitaja mtambo husika na kutaja kosa. Zilifika 97. Hakuna aliyezishughulikia, kwa sababu barua pepe zile hazikuwa zimekusudiwa kuwa kengele. Zilikuwa karatasi zinazoteremshwa kwenye kikapu.

Saa tatu na nusu soko likafunguliwa. Kwa dakika kama 45 ile seva ya nane ilinunua na kuuza bila breki. Maagizo madogo 212 ya wateja yakazaa miamala zaidi ya milioni 4. Hasara ilizidi dola milioni 460. Mwaka uliofuata msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani akaongeza faini ya dola milioni 12 juu, na kufikia hapo kampuni haikuwa tena ya wenyewe, ilikuwa imeshaunganishwa na nyingine.

Angalia kilichokosekana. Mashine ilijua. Ilisema mara 97, na muda wa kutosha kuzuia balaa ulikuwepo. Kilichokosekana ni daraja kati ya mashine iliyojua na binadamu mwenye jukumu la kuamka. Hiyo ndiyo sababu hatukubali kabisa hoja ya kwamba barua pepe inatosha. Barua inayokwenda kwa watu ishirini haijaenda kwa mtu yeyote, kila mmoja anadhani mwenzake ameisoma.

Na ile habari ya seva 7 kati ya 8 isikupite. Toleo lililofeli kabisa si baya sana, kila mtu analiona. Toleo lililoingia nusu ndilo balaa. Kwa pesa za simu lingeonekana hivi: unatuma, inagoma; unajaribu tena, inakubali; jirani yako anajaribu, inagoma. Ukimwuliza mtu anakwambia "jaribu tena itakubali". Maneno hayo ukiyasikia yakirudiwa sokoni asubuhi moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba mahali fulani mashine kadhaa hazikubaliani, kila moja ina toleo lake. Seva ya ujenzi ndiyo yenye habari kwamba kati ya mashine nane, moja haikupokea. Habari hiyo isibaki kwenye daftari.

Isilie ovyo

Sasa, mainjinia wana lao, na tunawasikia. Kengele inayolia kila usiku ni kengele isiyolia. Mtu akiamshwa mara sita bure, ya saba atageuza simu kifudifudi na kurudi kulala, hata wewe ungefanya hivyo. Kuunganisha Jenkins na jukwaa la dharura kwa pupa, kila kazi inayofeli ipige simu, ni kuharibu kitu kizuri.

Kwa maoni yetu mstari unapita hapa. Msimbo ukifeli majaribio kabla haujatoka, hilo si janga. Hilo ni geti limefanya kazi yake: mgeni asiye na kitambulisho kageuzwa. Aliyeandika apelekewe taarifa, aisome asubuhi na chai yake. Lakini toleo likianza kuingia kwenye mitambo ya wateja na likakwama njiani, simu ilie, hata kama ni saa tisa usiku, hata kama ni Krismasi. Na toleo likiingia salama lakini robo saa inayofuata miamala inayokubaliwa ikaporomoka kuliko ilivyo kawaida ya saa hizo, simu ilie pia, na ujumbe utaje toleo lililoingia mwisho. Injinia aliyeamka usingizini hana muda wa kutafuta kilichobadilika. Apewe jina la toleo na njia ya kurudisha lililotangulia, arudishe kwanza, uchunguzi baadaye.

Jenkins inasaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa kila kazi ina sehemu ya kuamua la kufanya kulingana na matokeo: kama imefeli, kama imepona baada ya kufeli, kama hali imebadilika tu. Hiyo ya kupona ndiyo wengi hawaijazi. Tahadhari inafunguliwa, tatizo linaisha, tahadhari inabaki wazi, na baada ya mwezi kuna tahadhari arubaini wazi ambazo hakuna anayejua zipi ni za kweli. Kazi ikipona, Jenkins itume ujumbe wa pili wenye utambulisho uleule, kengele ijifunge.

Na kwa kuwa tumefika hapo: hatuoni sababu yoyote ya kampuni ya pesa kutoa toleo jipya Ijumaa jioni, au siku za mwisho wa mwezi, wakati mishahara inaingia, kodi ya nyumba inalipwa na vyama vinakusanya michango. Kengele nzuri si kisingizio cha kucheza na moto. Kuna wenzetu kwenye sekta watakaosema ukiwa na kengele nzuri unaweza kutoa toleo siku yoyote. Kwa duka la viatu vya mtandaoni, labda. Kwa pesa za chama cha akina mama thelathini, hapana.

Ukimya pia ni habari

Hapa ndipo tunapoona wengi, hata waliojitahidi, wameacha shimo.

Webuhuki hutumwa jambo linapotokea. Je, Jenkins yenyewe ikizimika? Diski ikijaa, na kwa Jenkins diski hujaa sana kwa sababu inahifadhi kumbukumbu za kila kazi, haiwezi kutuma chochote. Jukwaa la dharura halipokei kitu. Injinia halali vizuri kama usiku huo. Kila kitu kimya, na kila mtu anasema "leo hakuna shida".

Dawa yake ni ya zamani, mlinzi wa usiku anaijua. Kila baada ya muda anagonga reli, ngo! ngo!, mwenye boma ajue yuko macho. Asipogonga, ndipo mwenye boma anapoamka. Seva ya ujenzi nayo itume kila dakika tano, tuseme, ujumbe wa "niko hai", na jukwaa liwekwe liamshe watu ujumbe huo usipofika. Si kazi ya wiki, ni ya mchana mmoja. Tunashangaa inavyopuuzwa.

Halafu kuna jambo letu la huku nyumbani. Majukwaa haya ya dharura yana seva zake ng'ambo. Maana yake kengele inatoka kwenye chumba cha mitambo Nairobi, inapita chini ya bahari, inafika ng'ambo, kisha inarudi kama simu kumwamsha mtu aliyelala Rongai. Siku za kawaida safari hiyo ni ya sekunde. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Siku kama hiyo ndiyo ungetaka kengele ilie, na ndiyo siku ambayo inaweza kupotelea baharini. Kwa hivyo webuhuki isipopata jibu ijaribu tena, ikipumzika kidogo kila mara, na ikishindikana kuwe na njia ya pili ya humuhumu nchini, hata kama ni SMS ya kawaida kutoka mtambo wa karibu kwenda kwa injinia wa zamu. SMS haina haja ya kuvuka bahari.

Gharama? Ndiyo, majukwaa makubwa hulipiwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Lakini wanaohitaji kusajiliwa ni wale wa zamu, si ofisi nzima. Na kuna ya bure, kama GoAlert iliyotolewa na kampuni ya maduka ya Target ya Marekani, unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Uzuri wa webuhuki ni kwamba haikufungi kwa mwenye jukwaa mmoja. Atlassian imetangaza kwamba Opsgenie, iliyotumiwa na kampuni nyingi, itazimwa Aprili 2027. Waliounganisha kwa webuhuki safi watabadilisha anwani, ufunguo na mpangilio wa ujumbe, waendelee. Mengine yote, yaani nini kinaamsha mtu na nini hakimwamshi, yanabaki.

Ujumbe usio na muhuri

Sehemu hii inakuhusu wewe moja kwa moja, hasa kama unauza.

Anwani inayopokea webuhuki ni mlango ulio barabarani. Yeyote anayeijua anaweza kuugonga. Ndiyo maana lazima kuwe na siri kati ya anayetuma na anayepokea: ufunguo, au muhuri wa hesabu ambao hauwezi kuigwa bila siri hiyo. Ufunguo wa jukwaa la dharura haukai ndani ya msimbo ambapo kila injinia na kila nakala inaubeba, unakaa kwenye kabati la siri la Jenkins. Na Jenkins yenyewe isiachwe wazi kwenye intaneti. Januari 2024 watengenezaji wake walitangaza udhaifu ulioweza kumruhusu mtu wa nje kusoma faili zilizomo kwenye seva, wakatoa marekebisho. Webuhuki ya kutoa tahadhari inatoka ndani kwenda nje, haihitaji mtu wa nje aingie. Hakuna sababu ya kuacha geti wazi.

Sasa geuza upande. Kama una duka la mtandaoni na umeunganisha malipo ya simu, wewe pia unapokea webuhuki: ule ujumbe tunaoutuma kwa seva yako kusema mteja amelipa. Yale tunayodai kwetu tunayadai na kwako. Usitoe mzigo kwa sababu skrini ya mteja imeandika "imefaulu", subiri ujumbe wa seva kwa seva. Hakikisha muhuri. Linganisha kiasi na oda, maana mtu anaweza kulipa shilingi kumi kwa kitu cha elfu kumi na ujumbe ukawa wa kweli kabisa. Ujumbe huohuo unaweza kufika mara mbili, kwa sababu tusipopata jibu lako tunarudia. Angalia namba ya muamala usije ukapeleka friji mbili. Na seva yako ikiwa imelala ujumbe ulipokuja, usiseme mteja hajalipa. Uliza hali ya muamala kwanza.

Na kama huna seva, una till na kibanda tu? Kanuni haibadiliki. Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, huo ni ujumbe usio na muhuri. Unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Angalia ulioingia kwenye simu yako wewe, na kwa mauzo makubwa angalia salio. Anayekuharakisha, "boss gari inaniacha", mwache gari imwache.

Unachoweza kutuuliza

Wateja wanatuuliza juu ya ada, mipaka ya kutuma, namna ya kurudisha pesa zilizokwenda namba isiyo yake. Hatusikii sana wakiuliza: mitambo ikiharibika usiku, ni nani anaamka, na anaambiwa na nani? Tungependa swali hilo liulizwe, kwetu na kwa kila kampuni inayoshika pesa zako, sacco na benki zikiwemo. Jibu likiwa "tunafuatilia mitandao ya kijamii", elewa kwamba wewe ndiye umefanywa kengele yao, tena bila malipo. Jibu likiwa "tuna timu ya saa 24", uliza kama timu hiyo inaambiwa toleo gani limeingia na saa ngapi. Watu kuwa macho ni jambo moja, watu kujua waangalie wapi ni jingine.

Kama unadhani faini na hasara ni za Marekani tu na masoko ya hisa, benki ya TSB ya Uingereza Aprili 2018 ilihamisha taarifa za wateja wake milioni 5.2 kwenda mtambo mpya. Watu wakafungiwa nje ya akaunti zao, matawi yote yakaathirika, na mambo hayakurudi sawasawa hadi Desemba mwaka huo. Faini ilikuja mwaka 2022, pauni milioni 48.65. Wateja walikuwa watu wa kawaida, wenye kodi za nyumba na mikopo ya kulipa, kama wewe.

Basi pesa ikikwama alfajiri, usirudie kutuma mara tatu. Muamala wa kwanza unaweza kukubaliwa ukiwa unajaribu wa pili, ukajikuta umelipa mara mbili. Angalia salio, kisha taarifa ya miamala. Ikionyesha pesa imetoka na anayepokea hana kitu, tupigie kwa namba rasmi iliyo kwenye programu, si ile uliyotumiwa na mtu. Tupe namba ya muamala na saa ulipobonyeza, na kama hukupata namba, saa pekee itatusaidia. Hatutakuuliza PIN, na akikuuliza mtu PIN huyo si sisi. Tunachofanya na ile saa ni kuilinganisha na saa ambayo toleo la mwisho liliingia, mashine kwa mashine, na kama zinakaribiana, malalamiko yako yanapanda moja kwa moja hadi kwa injinia wa zamu.